Shamba la Anathothi

Ahadi ni deni. Hakuna mtoto aliyelelewa katika nchi zetu asiyeijua methali hii, na wazazi wengi wamepata kuambiwa na wana wao jioni, waliporudi sokoni mikono mitupu. Lakini wenye kuitumia aghalabu humtazama mwenye kuahidi peke yake, humkumbusha alipe. Yule aliyeahidiwa, aketiye akingoja, hatazamwi. Naye ana kazi yake. Huamka, hula, hulima, huoa, huzika. Na katika hayo yote hana budi kuishi kama mtu mwenye mali iliyo mkononi mwa mwingine. Je, aitwe tajiri au maskini? Msomaji wangu, napenda kukusimulia habari za mtu wa namna hiyo. Deni ninalolikusudia ni kubwa kuliko madeni yote ya sokoni, yaani ahadi ambazo Mungu aliwapa Waebrania kwa vinywa vya manabii, kwamba yaliyobomoka yatajengwa, na waliotawanyika watarudishwa kwao.

Naandika nikiwa Rapsu, katika kaunti ya Isiolo, nchini Kenya, mahali ambapo pengine hujapata kupasikia. Pako upande wa Kinna, katika Garbatulla, si mbali na Mbuga ya Taifa ya Meru. Mtu atokaye milima ya Nyambene huacha nyuma yake ukungu, chai na miraa, akateremka mpaka nchi nyingine kabisa, nchi tambarare ya migunga na mawe, ambamo jua halimwonei mtu haya. Katikati ya ukavu huo yako mashamba yanyweshwayo maji kwa mfereji, na mgeni ayaonapo mara ya kwanza hudhani macho yake yamemdanganya. Wenyeji wengi ni Waborana, wafugaji kwa asili na Waislamu kwa dini. Mimi nililetwa na kazi, baada ya kuhitimu chuo cha ualimu. Darasa langu la dini ya Kikristo ni dogo, na mara nyingi sauti ya mwadhini hutufikia tukiwa katikati ya somo, tukanyamaza kidogo kwa adabu, kisha tukaendelea. Nataja mahali hapa kwa sababu maneno ya manabii hayasomeki kwa namna moja kila mahali. Mji ulioshiba huyasoma kama mashairi mazuri. Hapa husomwa kama hati ya madai.

Maana watu wa hapa wanajua kupoteza. Wazee hukumbuka vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kutulia baada ya mapatano ya mwaka 1967. Katika miaka ile wafugaji wengi wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo iliyozoea kuyafuata malisho kokote yalikokwenda ikafa au ikachukuliwa. Watu waliolala matajiri waliamka hawana hata mbuzi wa kumchinjia mgeni. Baada ya vita hivyo miradi ya kumwagilia maji mashambani ilianzishwa katika wilaya, ili waliofilisika wapate kulima, na mikono iliyozoea fimbo ikafundishwa jembe. Usidhani, msomaji, kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi. Kwa mfugaji aliyepata kuwa na ng'ombe mia, mstari wa vitunguu ni faraja ndogo.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa wingi ambao haukuwa umeonekana nchini kwa miaka 70, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa. Kundi lililoenea kilometa moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 80, nalo kwa siku moja hula chakula cha kuwatosha watu 35,000. Kisha mvua zikakataa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha, ukame ambao mfano wake haukuwa umeonekana kwa miaka 40, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Nabii Ezekieli aliona katika maono bonde lililojaa mifupa mikavu. Mtu wa mji wa mvua hulisoma bonde lile kama fumbo. Hapa mifupa ilikuwa kando ya njia ya kwendea shule, na watoto waliijua mingine kwa majina ya ng'ombe.

Yoeli naye alihubiri katika nchi iliyoliwa na nzige. Sura zake ni tatu tu, na kijana aweza kuzimaliza kabla uji haujapoa. Lakini mna neno moja ndani yake lisilopitika haraka. Nabii haishii katika kuahidi kwamba ghala zitajaa tena. Asema kwamba Mungu atairudisha miaka yenyewe. Nafaka hurudi kwa mvua moja njema. Mwaka hurudije?

Swali hilo si langu. Niliulizwa darasani na kijana Mborana, mtoto wa mojawapo ya nyumba chache za Kikristo, ambaye wakati wa ukame alihama na baba yake kwenda kutafuta malisho ya mbali. Alikaa huko miaka miwili. Waliporudi hawakuwa na kitu cha kufunga zizini, naye akaketi tena darasani, mtu wa miaka kumi na tisa mwenye ndevu, kati ya watoto ambao sauti zao hazijavunjika. "Mwalimu," alisema, "ng'ombe naelewa kwamba waweza kurudi. Lakini miaka yangu miwili, Mungu ataitoa wapi?" Wenziwe hawakucheka. Nilimwambia aliweke swali lake mpaka tutakapomaliza habari za Yeremia. Labda utasema kwamba hiyo ni hila ya walimu, na kweli walimu tuna hila nyingi. Lakini yako maswali ambayo jibu lake halisikiki kabla ya kisa chake kusimuliwa.

Mtaala wa shule za upili, ule wa 8-4-4, uliwachagua Amosi, Yeremia na Nehemia kuwa manabii na viongozi wa kusomwa. Mwanafunzi hukariri vitendo vya ishara vya Yeremia kama akaririvyo majedwali ya hesabu: mshipi wa kitani, chombo cha mfinyanzi, nira, na kununua shamba. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, maana halina moshi wala ngurumo. Ni karatasi za uuzaji wa ardhi, jambo ambalo kila mtu wa Kenya hulijua kwa uchungu wake.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, karibu na mwaka 588 kabla ya Kristo. Majeshi ya Babeli yameuzunguka Yerusalemu. Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi kwa kuwa amesema wazi kwamba mji utaanguka. Ndipo anapojiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, akimtaka anunue shamba lililoko Anathothi. Anathothi ni kijiji alichozaliwa nabii, kama mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Yerusalemu, nacho kimekwisha kuwa nyuma ya safu za adui. Tena watu wa kijiji hicho ndio waliopata kula njama ya kumwua. Basi fikiri mwenyewe: mfungwa, katika mji unaokufa njaa, anaombwa anunue ardhi inayokanyagwa na farasi wa adui, katika kijiji cha watu waliomtakia kifo. Ingekuwa leo, rafiki zake wangemwambia kwamba jamaa yake ni tapeli.

Yeremia alinunua. Alipima fedha shekeli 17, yaani kama gramu 190 kwa vipimo vyetu. Hati ikaandikwa, mashahidi wakaweka sahihi, nakala moja ikatiwa muhuri na moja ikaachwa wazi, na mwandishi wake Baruku akaamriwa kuzitia zote mbili katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Maana ya tendo hilo ilitamkwa mbele ya watu: katika nchi ile nyumba, mashamba na mizabibu itanunuliwa tena.

Kinachofuata hupitwa na wasomaji wengi. Yeremia alipokwisha kumkabidhi Baruku hati, aliomba, na sala yake imejaa mshangao. Anamhesabia Mungu uwezo wake tangu kuumbwa kwa mbingu, kisha anamwonyesha maboma ya adui yaliyofika ukutani, kana kwamba asema, Bwana, nawe waniambia ninunue shamba? Angalia mpango wa mambo. Hakuuliza kwanza akanunua baadaye. Alitia muhuri, ndipo akauliza. Watu hudhani kwamba kutumaini ni hali ya moyo uliotulia kama maji ya mtungini, na kwa hiyo mtu mwenye mashaka hujiona amekwisha kukosa imani. Moyo wa Yeremia haukutulia. Fedha ilikuwa imekwisha kulipwa tu.

Nina jirani mmoja hapa, mjane, mwenye kipande cha shamba karibu na mwisho wa mfereji. Katika mwaka mbaya kuliko yote maji hayakumfikia hata siku moja. Hata hivyo kila zamu yake ilipofika alitoka na jembe akazoa mchanga katika sehemu yake ya mfereji mkavu, akairudisha kingo, akaenda zake. Vijana walimdhihaki. Yeye ni Mwislamu na hajapata kusikia habari za Hanameli.

Wakati ule ule wa Yeremia walikuwako manabii wengine waliokuwa na ahadi tamu zaidi. Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vyote vitarudi. Yeremia alisema miaka 70. Aliwaandikia mateka barua akiwashauri wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, na kuutakia amani mji uliowateka. Sasa niambie, kama ungalikuwa mtu wa Yerusalemu, ungalimshangilia nani? Mtu wa miaka arobaini akisikia 70 ameambiwa kwamba hatarudi yeye, watarudi wajukuu wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na hawakukosea. Hata hivyo Hanania alikufa mwaka ule ule, na miaka yake miwili ikapita kama upepo.

Hanania hajaisha. Siku hizi huja na vipaza sauti, hufunga turubai mahali pa wazi, na kuwaahidi maskini kwamba wakitoa fedha walizo nazo leo watapokea mara saba kabla ya mwezi kwisha. Nimeona mzazi akitoa karo ya mtoto wake. Alama yake ya kumtambulia ni ile ile ya zamani: ahadi yake ni ya karibu, haimgharimu yeye kitu, wala haimtaki mtu atengeneze uhusiano wake na jirani. Manabii wa kweli walitia ahadi na haki katika kapu moja. Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliwashambulia wauzao maskini kwa jozi ya viatu katika karibu kitabu chote, ndipo mwishoni kabisa akafungua mlango wa kurudishwa. Wako wataalamu wasemao kwamba maneno hayo ya mwisho yaliongezwa na mkono mwingine baada ya uhamisho. Yawezekana. Kama ndivyo, basi mtu aliyeyaongeza alikuwa ameyaona magofu kwa macho yake, na bado akaandika.

Ezekieli ana jambo ambalo ningependa lisomwe katika kila baraza la Isiolo. Akiwa katika nchi ya uhamisho anaigawanya upya nchi ya Israeli, kabila kwa kabila, kisha anaamuru kwamba mgeni akaaye kati yao na kuzaa watoto kati yao apewe urithi pamoja nao, katika kabila lile lile alimokaa. Kwa maneno mengine, nchi iliyorudishwa haiwi nchi iliyofukuza. Katika kaunti yetu Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali wamemwaga damu kwa ajili ya malisho na visima, na kila upande una hadithi ya ardhi iliyokuwa yake. Kila mmoja hungoja kurudishiwa. Ni wachache waliofika mstari huo wa Ezekieli.

Nchi yetu yenyewe ilipata kuguswa na mambo haya kwa njia ya ajabu. Mwezi wa Agosti mwaka 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuuawa huko Kishinev katika Urusi, mkutano wa Wazayuni uliokaa Basel ulisomewa pendekezo la serikali ya Uingereza: wapewe mahali pa kukaa katika Afrika Mashariki, na mahali palipotajwa baadaye palikuwa nyanda za Uasin Gishu. Watu huuita mpango wa Uganda, ingawa Uasin Gishu i katika Kenya. Wajumbe 295 walikubali nchi ikakaguliwe na 178 wakakataa, na miongoni mwa waliokataa wengi walikuwa wa Urusi, ambao ndio waliokuwa wakiuawa. Watu watatu walikuja kukagua, na mwaka 1905 mkutano mwingine ukalikataa jambo zima. Sikusudii hapa kuhukumu siasa za Mashariki ya Kati, ambazo zimemwaga machozi ya watu wengi. Nataka uone mambo mawili. Kwanza, mtu aliyeshikilia ahadi yenye jina la mahali hawezi kutulizwa kwa mahali pengine, hata akiwa katika hatari. Pili, hapana aliyewauliza Wanandi na Wamasai, waliokuwa wakichunga katika nyanda zile kabla ya ramani kuchorwa. Mtu aweza kuahidiwa mali ya jirani yake na mtu ambaye si mwenyewe.

Sasa nirudi Anathothi. Yerusalemu ulianguka kama Yeremia alivyosema, karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo. Nabii hakukaa katika shamba lake. Watu wake mwenyewe walimchukua kwa nguvu mpaka Misri, na huko ndiko Maandiko yanakomwachia. Shekeli 17 zilikwenda, mwenye shamba akaenda, na chombo cha udongo kikabaki mahali kilipofichwa. Miaka ikapita. Mwaka 539 Babeli ukatwaliwa na Koreshi mfalme wa Uajemi, na mwaka uliofuata mateka wa Kiyahudi wakaruhusiwa kurudi. Silinda ya udongo iliyochimbuliwa Babeli mwaka 1879, ambayo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, yaeleza jinsi Koreshi alivyowarudisha watu na miungu yao makwao. Wayahudi hawatajwi ndani yake. Lakini desturi ielezwayo yafanana na ile wanayoisimulia.

Kisha katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra pana orodha ya waliorudi. Nimeona wahubiri wakiiruka kama mtu arukavyo dimbwi. Ni majina na hesabu, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, mpaka jumla ya watu 42,360. Katikati ya orodha hiyo, pasipo maelezo yoyote, wanatajwa watu wa Anathothi, 128.

Tulipofika hapo nilimpa yule kijana kitabu, nikamwomba atutafutie. Alipitisha kidole juu ya ukurasa muda mrefu, mpaka wenzake wakaanza kuchoka. Alipoipata hesabu aliisoma mara mbili. Akanyamaza. Halafu akasema, "Lakini Yeremia hakuwamo."

Naam, hakuwamo. Na hata wale waliokuwamo hawakupewa yale yaliyokwenda. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa vijana walipiga kelele za furaha, lakini wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, na walio mbali hawakuweza kupambanua kilio na shangwe. Hekalu hilo lilimalizwa mwaka 515. Wazee walikuwa na haki ya kulia. Kilichorudishwa hakikuwa kile kile, na mtu asemaye kwamba Mungu hulipa sarafu kwa sarafu hajawasikiliza wazee wale. Ndivyo nilivyomjibu kijana juu ya miaka yake miwili. Nilimwambia kwamba katika vitabu vyote vya manabii sikuona hata mtu mmoja aliyerudishiwa siku zake za jana azitumie upya. Niliona watu waliopewa kesho ambayo jana ilikuwa imewanyima. Aliuliza kama hayo ni malipo kamili. Nikamwambia aendelee kuuliza, maana Yeremia naye aliuliza baada ya kulipa. Sidhani kwamba aliridhika, na mimi ningemshuku kama angaliridhika upesi.

Waborana wana desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akipotelewa na mifugo yote kwa ukame, maradhi au maadui, hupeleka shida yake mbele ya ukoo, na ukoo huketi ukaamua nani atoe nini katika zizi lake, ili aliyeanguka asimame tena. Si sadaka, na mpokeaji hashukuru kwa kuinama, kwa kuwa kesho zamu yaweza kuwa ya mtoaji. Mzee mmoja aliniambia kwamba desturi hiyo imedhoofika, kwa sababu ukame wa siku hizi humpiga mpokeaji na mtoaji pamoja, na zizi tupu halitoi ndama. Lakini haijafa. Mvua ziliporudi mwaka 2023, zikanyesha baadaye kupita kiasi hata mito ikafurika, watu wa ukoo wa yule kijana walikutana, Waislamu na Wakristo wao. Nyumba yao ilipewa mitamba miwili, mmoja wa kijivu na mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Baba yake alitaka aache shule awachunge. Walibishana siku kadhaa. Mwishowe ndugu yake mdogo akachukua fimbo, naye akabaki darasani na ndevu zake. Yule mwekundu amekwisha kuzaa.